Masikio tayari, mkia tayari

Mhariri, habari za kazi. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, nakaa Kimara, leo naomba nafasi niongee kuhusu mbwa. Najua kuna watu washafunua ukurasa mwingine, sawa tu, ila nyie wenzangu wenye kibao cha "mbwa mkali" getini naomba mnivumilie, maana haya nayotaka kusema nimeyafanya mwenyewe na kwa pesa yangu.

Juzi kwenye grupu letu la mtaa la WhatsApp mtu karusha tangazo la watoto wa Doberman wanauzwa. Picha nzuri, watoto wamejipanga kwenye boksi, chini wameandika chanjo tayari, dawa ya minyoo tayari, mkia tayari, masikio tayari. Hilo neno "tayari" limenikaa kichwani mpaka leo. Chanjo tayari naelewa, minyoo naelewa, sasa masikio tayari ndo nini jamani, kwani huyo mbwa alizaliwa na masikio mabichi? Utafikiri tunaongelea chapati.

Kwa asiyejua nieleze kidogo. Yule Doberman mnayemuona kwenye picha, masikio yamesimama kama pembe na kamkia kafupi kama kidole gumba, hajazaliwa vile. Anazaliwa na masikio laini yaliyolala na mkia mrefu tu kama mbwa yeyote wa mtaani. Mkia unakatwa akiwa na siku tatu mpaka tano hivi, macho bado hajafungua, na mara nyingi bila ganzi kabisa, mtu anashika mkasi anakata. Masikio yanasubiri afike wiki saba mpaka kumi na mbili, hapo inatakiwa nusu kaputi ya ukweli, sikio linakatwa ngozi na gegedu lake kwa kufuata umbo, linashonwa, alafu linafungwa plasta wima wiki na wiki, wengine miezi, ili lijifunze kusimama. Na linaweza lisisimame.

Najua kwa sababu la kwangu halikusimama.

Huyu mbwa wangu anaitwa Jemedari, nilimchukua ana miezi miwili, mchanganyiko wa Doberman na nini sijui, na akili yangu yote ilikuwa kwenye ile picha ya mbwa wa filamu. Mtu akanipa namba ya "daktari". Akaja na bodaboda, begi mgongoni, hakuvaa hata glavu mpaka nilipomuuliza, akampiga sindano moja, tukasubiri kidogo, akaanza kukata juu ya meza ya plastiki nyuma ya nyumba. Mbwa alikuwa hajalala vizuri. Mimi ndo nilimshika miguu. Sitasema zaidi hapo, ila yule mtu alikuwa anapiga stori za mpira wakati anakata na mimi nilikuwa naitikia.

Akanikata laki na nusu, akaniachia roli ya plasta na vipande vya sponji akasema badilisha kila baada ya siku tano. Nani ataweza Mhariri? Mtoto wa mbwa kidonda kinamuwasha anatingisha kichwa usiku kucha, damu mpaka kwenye ukuta wa jiko, mke wangu asubuhi anapiga deki huku ananinunia. Siku ya nane sikio la kushoto likaanza kunuka. Nafungua plasta nakuta usaha, na inzi walikuwa washafanya yao, funza. Nikampigia yule bwana simu akaniambia mwagia spiriti. Spiriti! Ndo nikambeba kwenye bajaji mpaka kwa daktari wa mifugo wa ukweli, mwenye cheti ukutani, akaangalia akauliza nani kafanya hivi, nikasema uongo, nikasema nilimnunua akiwa hivyo hivyo. Antibayotiki, kusafisha, kushona upya, wiki tatu za kwenda na kurudi, ile bili sitaki hata kuikumbuka.

Leo Jemedari ana miaka minne. Sikio la kulia limesimama vizuri sana, la kushoto limekunjika nusu kama jani la mgomba lililopigwa na upepo. Watoto wa mtaani hawamwiti Jemedari, wanamwita Antena.

Mama mkwe alipokuja kutoka Dodoma alimtazama muda mrefu, akauliza "baba, huyu mlimkata ili iweje?" Nikamwambia ni mtindo wake huyu mbwa, ndo anavyotakiwa kuwa. Akasema kwao ng'ombe anakatwa sikio apate alama, akipotea au akiibiwa mwenyewe amjue, na dume anahasiwa awe maksai alime au anenepe, "sasa huyu wa kwako amefungwa hapa getini, mnaogopa atachanganyika na mbwa wa nani?" Sikuwa na jibu. Mama yule hajawahi kuingia darasani zaidi ya la saba na katika maneno mawili alishamaliza mjadala ambao huko duniani wataalamu wameubishania miaka na miaka, yaani ukimkata mnyama lazima kuwe na la kukatia, na la kukatia lisiwe macho yako tu.

Maana sababu tunazo nyingi sana za kujidanganya. Ya kwanza eti anakuwa mkali. Kule kijijini kwetu mjomba alikuwa anakata mkia na ncha za masikio kwa kisu cha kuchinjia kuku alafu mbwa anapewa uji wa pilipili, ati awe mkali. Mbwa wale walikuwa wakali kweli ila na mimi ningekuwa mkali ningefanyiwa hivyo. Hii imani ni ya kale mno, Mrumi mmoja anaitwa Columella aliyeandika mambo ya kilimo karne ya kwanza anasema wachungaji wa enzi zake walikuwa wanamkata mtoto wa mbwa mkia akiwa na siku 40 wakiamini hatapata kichaa. Karibu miaka 2,000! Na kichaa cha mbwa kinazuiwa na chanjo, sindano moja kila mwaka, na bado nchi hii watu wanakufa kwa kichaa, wengi wao watoto, wakati kuna mtu ana laki na nusu ya masikio na ukimuuliza kadi ya chanjo anaanza kupapasa mifuko.

Ya pili wanasema mkia ukiachwa utaumia, atagonga ukuta, utachanika. Hii ina kaukweli kidogo ndo maana inawachanganya watu. Lakini Uingereza watu walikaa wakahesabu, utafiti ulitoka 2010, wakachukua mbwa 138,212 waliokuwa wanahudhuria kliniki 52, wenye majeraha ya mkia walikuwa 281. Wakapiga hesabu wakakuta inabidi ukate mikia ya mbwa kama 500 ndo umuokoe mmoja asiumie mkia. Sasa mbwa 500 wakatwe wote kwa ajili ya mmoja ambaye pengine angefungwa bandeji tu akapona, hiyo ni hesabu ya wapi? Na wanaosema masikio yakisimama hayashiki ugonjwa, mbona Cocker Spaniel ambaye masikio yake yananing'inia mpaka yanaingia kwenye bakuli la maji, na kweli yanamsumbua sana, hakatwi? Hakatwi kwa sababu watu wanampendea masikio yale yale marefu, basi.

Ukweli masikio yalikatwa zamani kwa mbwa wa kupigana na wa kuwinda, adui asipate pa kung'ata. Mbwa wangu mimi adui yake mkubwa ni jogoo wa jirani.

Kitu kimoja kinachoniuma ni kwamba huu mtindo tunaoukimbilia wenyewe walioanzisha washauacha. Doberman ni mbwa wa Kijerumani, alitengenezwa na Karl Friedrich Louis Dobermann wa mji wa Apolda, huyo bwana alikuwa mkusanya kodi akataka mbwa wa kumlinda akizunguka, na ukiwaza kazi yake unamuelewa. Basi Ujerumani hiyo hiyo kukata masikio walipiga marufuku tangu miaka ya 1980 na mkia wakapiga marufuku 1998, kwa hiyo ukienda leo kwao Doberman unamkuta Doberman ana masikio ya kulala na mkia mrefu anakupungia. Boerboel anayetamba sana mitaa ya huku, kwao ni Afrika Kusini, na kule baraza la madaktari wa mifugo lilishasema tangu 2008 daktari hakati mkia kwa ajili ya urembo. Nchi za Ulaya ziliandaa mkataba wao wa wanyama wa nyumbani 1987, kifungu cha 10 kinakataza kukata masikio, kukata mkia, kuondoa sauti, kung'oa kucha na meno kama hakuna sababu ya tiba, ingawa waliacha mlango kwa nchi iliyotaka kujitoa kwenye hilo la mkia. Wanaoendelea kwa uwazi ni Marekani, na hata kule chama kikubwa cha madaktari wa mifugo kilitoa msimamo 2008 kwamba kinapinga kukata masikio na mkia kwa urembo, lakini chama chao cha wafuga mbwa wa mbegu safi kinasema ruksa, sasa sisi huku picha tunazoziona kwenye simu nyingi ni za huko. Yaani tunaiga kwa mtu ambaye na yeye nyumbani kwake wanagombana kuhusu jambo hilo hilo.

Na mkia jamani si pambo. Mbwa hana mdomo wa kusema, anasema na mkia na masikio. Wataliano walichunguza 2007 wakakuta mbwa akimuona bosi wake mkia unachezea zaidi upande wa kulia, akikutana na mbwa mgeni mbabe unaelemea kushoto. Wakanada nao wakatengeneza mbwa wa bandia wa roboti, wakambadilishia mikia mirefu na mifupi wakamuweka nje waone mbwa wa watu watafanya nini, mkia mrefu ukitikiswa mbwa wanamsogelea kwa amani, ukiwa umetulia wanasita, mkia mfupi ukitikiswa au usitikiswe kwao ni sawa tu hawaelewi. Nilipoisoma hiyo ndo nikaelewa kwa nini mbwa wa jirani yangu mwenye kisiki cha mkia kila akikutana na wenzake ni ugomvi. Tumemkata ulimi alafu tunasema ana kiburi.

Tukija kwenye ulimi wenyewe, kuna hii nyingine ya kumkata mbwa sauti, nimeanza kuiskia kwa watu wanaohamia kwenye haya maghorofa ya kupanga. Daktari anapunguza nyuzi za sauti kooni mbwa akibweka anatoa kama kikohozi cha mzee mvuta sigara. Jimbo la Massachusetts kule Marekani walitunga sheria ya kuizuia 2010. Mimi naona hii ni mbaya kuliko hata masikio maana mbwa anabweka kwa sababu, yupo peke yake kutwa nzima, kafungwa mnyororo wa mita moja, ana njaa, ana hofu, we badala ya kutoa sababu unatoa sauti. Kama unataka mbwa asiyebweka yupo, Basenji, wa hapa hapa Kongo, Mungu kamuumba habweki kama wengine, mtafute huyo. Au fuga sungura.

Sasa najua nitakachoulizwa, maana nshaulizwa kwenye grupu: mbona hao hao madaktari wanahasi mbwa na kuwafunga kizazi, hiyo si kukata? Ni kukata, tena kwa ndani zaidi. Nilikaa nalo sana hilo swali kwa sababu na Chausiku, jike langu, nilimfunga kizazi, na kwake sijutii hata kidogo. Lakini sitaki kusema uongo kwamba nilifanya kwa ajili yake peke yake, nilifanya na kwa ajili yangu, nilichoka madume kumi kulala getini na kuwapa watu watoto ambao sikujua wanaishia wapi. Unajua wanaishia wapi? Kwenye kiroba, kwenye mtaro wa maji ya mvua, nimewatoa mwenyewe wawili wazima na mmoja amekufa. Jike asiyefungwa mimba yake ni miezi miwili tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka, kila mara watoto sita, saba, nani atawachanja hao? Alafu kuna ule uvimbe wa sehemu za siri mbwa wanaambukizana wakipandana, mtaani kwetu umejaa, unamuona mbwa anadondosha damu watu wanampiga mawe wakidhani ana laana. Na kuna usaha wa kwenye kizazi unaoua majike wakizeeka. Kwa hiyo pale kuna faida ya mbwa, kuna faida ya mtaa, na yangu ipo katikati humo.

Hata hivyo si kila mtu anakubali na wana hoja. Norway sheria yao inataka upasuaji wowote kwa mnyama uwe na sababu ya afya yake, kuhasi kwa mazoea tu hawakubali, lakini kule huoni mbwa anazurura, sisi tukiiga hilo tutazikwa na watoto wa mbwa. Na kuna utafiti wa California wa 2013, waliangalia mbwa 759 wa aina ya Golden Retriever, wakakuta waliohasiwa kabla ya kutimiza mwaka walipata matatizo ya viungo zaidi ya wenzao. Kwa hiyo mbwa mkubwa mwenye mwili muulize daktari, usikimbilie kumkata akiwa mdogo eti ofa imetoka. Hapo mtu anabishana na daktari wake na kila upande una cha kuweka mezani. Kwenye masikio upande mmoja wa meza ni mtupu, kuna kioo tu mtu anajitazama.

Kuna jamaa atasema huyu naye, watu hawana dawa hospitali anahangaika na masikio ya mbwa, na mbuzi tunachinja kila siku. Tunachinja, na mimi nyama choma siachi. Ila hata kuchinja kuna adabu zake, kisu kiwe kikali, usikinoe mbele ya mnyama, usichinje mmoja mwenzake anaangalia, hayo tumefundishwa tangu wadogo. Na kwa ndugu zangu Waislamu wasome Surat An-Nisaa aya ya 119 waone kukata masikio ya wanyama na kubadili umbo kumetajwa kama mpango wa nani. Mimi si shekhe, najua maelezo yake yanahusu mila za Waarabu wa kale na mifugo yao, lakini nilivyosoma nilifunga msahafu nikakaa kimya, nikakumbuka na yule mtu wa kwenye hadithi ya Mtume aliyesamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu 2008, inakataza kumtesa mnyama bila sababu ya msingi, nzuri kabisa. Ya veterinari ipo toka 2003, na inataka mwenye kutibu na kupasua awe amesajiliwa. Lakini toka nihamie huku sijawahi kuona mtu hata mmoja kaulizwa masikio ya mbwa wako yameenda wapi. Ombi langu kwa Baraza la Veterinari ni dogo, watoe tamko kwa Kiswahili cha kawaida, sentensi moja inatosha, kwamba daktari aliyesajiliwa hakati masikio wala mkia wa mbwa kwa ajili ya muonekano, akikata aitwe. Kuna watu watasema basi wote watakimbilia kwa vishoka. Inawezekana, mimi mwenyewe nilianzia kwa kishoka wakati hakuna katazo lolote. Lakini mteja akijua daktari wa ukweli hagusi kitu hicho atajiuliza mara mbili kwa nini huyu wa bodaboda anagusa, na muuzaji hatathubutu kuandika "tayari" kwenye tangazo akaongeza na bei.

Na nyie Mhariri, kwa heshima zote, mna ukurasa wa matangazo madogo madogo. Likija tangazo la watoto wa mbwa lenye hayo maneno lirudisheni. Mtakosa hela kidogo najua.

Yule bwana wa begi bado ananitafuta. Mwezi uliopita kanitumia ujumbe, "bosi vipi, hamna watoto wengine? wawili nakupunguzia". Sikumjibu. Namba yake sijaifuta, nimeiandika na kwenye daftari kabisa na tarehe aliyokuja, nasubiri mtu aniambie niipeleke ofisi gani.

Msomaji wenu,
Kimara, Dar es Salaam